Una Nini, au Umepatwa na Nini?

Lugha yetu ina maswali mawili ambayo mtu huweza kumwuliza mwenziwe aliyebadilika hali. La kwanza ni "Una nini?" La pili ni "Umepatwa na nini?" Kwa sikio la haraka maswali haya ni ndugu, walakini hayakuzaliwa na mama mmoja. La kwanza hutafuta kasoro ndani ya mtu. La pili hutafuta tukio lililomjia bila ya kuitwa. Aulizwaye la kwanza hujiona yu kizimbani. Aulizwaye la pili huenda akajiona yu barazani, miongoni mwa watu wanaomtakia heri. Katika nyumba za kutunza wagonjwa wa akili swali la kwanza ndilo lililotawala kwa muda mrefu, na katika nyumba nyingi lingali likitawala. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 wamezuka watu, hasa katika Marekani, wanaosema kwamba nyumba hizo hazina budi kujengwa upya juu ya swali la pili. Nia ya insha hii si kuyahesabu mafundisho yao yote, bali kuuliza jambo moja lililomo ndani yake: je, nyumba ya wagonjwa wa akili ina deni la upole kwa kila aingiaye, kabla haijajua yaliyomkuta, na hata kama haitayajua kamwe? Mimi najibu kwamba inalo. Nitajaribu kuonyesha kwa nini jibu hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa kucheka. Mwoga hutajwa, na watu wakatabasamu. Lakini tukiitazama vizuri haina dharau ndani yake. Haisemi kwamba mtu huyu ni mpumbavu. Yasema kwamba mwili wake hukumbuka kabla jicho halijatambua. Hali hii, inapokaa na mtu na kumharibia usingizi, kazi na mapenzi, waganga wa siku hizi huiita kiwewe, nalo ni neno jema, kwa sababu tulikuwa nalo kabla yao. Sasa mfikirie mwanamke ambaye zamani alishikwa kwa nguvu na wanaume, akatendwa asilolitaka. Miaka ikapita, akaugua akili, akaletwa hospitali usiku, akakataa dawa. Watumishi wanne wanamlaza chini, wawili wakamshika mikono, wawili miguu, na wa tano akaja na sindano. Kwa watumishi jambo hili ni ung'ongo: ni kazi ya kila siku, na nia yao ni kumponya. Kwa yule mwanamke ni nyoka yule yule. Anapiga kelele, anauma, anatupa mateke; na katika daftari la zamu huandikwa kwamba mgonjwa ana ghasia na dozi iongezwe. Hapana mtu mbaya katika kisa hiki. Ndiyo sababu kisa hiki ni swali la maadili kubwa kuliko kisa cha mtumishi mkatili, maana mkatili huweza kufukuzwa, na kazi ikaendelea.

Ushahidi kwamba tabia inayoonekana kuwa ugonjwa huweza kuwa ngao ulipatikana mahali pasipotazamiwa. Mnamo miaka ya 1980 daktari Vincent Felitti wa San Diego, California, aliongoza mpango wa kuwapunguza uzito watu walionenepa kupita kiasi. Alistaajabu kuona baadhi ya waliokuwa wakifaulu wakiacha matibabu. Alipowahoji, wengi walimsimulia kwamba walinajisiwa au kuteswa walipokuwa watoto. Unene uliokuwa maradhi machoni pa daktari ulikuwa kinga machoni pa mwenye nao. Mwaka 1998 yeye na Robert Anda na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 9,000. Zaidi ya nusu yao walitaja walau aina moja ya madhila ya utotoni waliyoulizwa, na wale waliotaja aina nne au zaidi walikuwa katika hatari ya ulevi, ya majonzi mazito na ya kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wale wasiotaja hata moja. Watu hawa hawakuokotwa katika mitaa ya mafukara. Wengi walikuwa na kazi zao na bima zao za matibabu. Ikiwa hivyo ndivyo yalivyo nje ya hospitali, je, ndani ya wodi?

Mwaka 2001 Maxine Harris na Roger Fallot walitoa kitabu kilicholipa fundisho hili umbo lake. Walitenga mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Moja ni kulitibu jeraha lenyewe la nafsi, kazi ya mganga aliyesomea, ifanywayo kwa ridhaa na kwa wakati wake. La pili ni adabu ya nyumba nzima: mlinzi wa mlango, mpishi, karani, mfagiaji na mkurugenzi, wote wakae wakijua kwamba yeyote aingiaye huenda ameumizwa. Jambo hili la pili halimtaki mtu yeyote aseme yaliyomkuta. Daktari wa upasuaji hanawi mikono kwa wagonjwa wenye vidudu peke yao. Hunawa kwa wote, wala haombi cheti. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, palipo kiini cha jambo zima. Upole unaongoja ushahidi si upole bado. Ni malipo, na sarafu yake ni siri ya mgonjwa.

Sharti niseme pia kwamba swali la "Una nini?" halikuishia wodini. Katika nchi zetu liliwahi kuwa siasa. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya wenda wazimu. Tangu mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea utabibu wa akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Mwaka 1953 kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani, na ndani yake alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilipotaka kuelezwa sababu ya Mau Mau, ilimwita yeye. Katika taarifa yake aliitafuta sababu zaidi ndani ya akili ya Mkikuyu aliyepoteza mila zake, akisema amekwama kati ya dunia mbili, kuliko katika ardhi iliyochukuliwa na viboko vilivyopigwa. Aliunga mkono watu wakusanywe vijijini, na kweli zaidi ya milioni moja walihamishwa wakatiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Swali lilikuwa "Wana nini hawa?" Jibu la swali la pili lilikawia mno. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wake, ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wengine wengi walikuwa wamekwisha kufa bila ya kuulizwa.

Simtaji Carothers ili nimtukane. Alikuwa mtu wa zama zake, na baadhi ya maneno yake kuhusu wagonjwa yalikuwa ya huruma. Namtaja kwa sababu anaonyesha jinsi elimu yenyewe inavyoweza kuwa ukuta. Aliishi na wagonjwa miaka 12, na swali alilolishika halikumruhusu kusikia.

Wakati uo huo, katika nchi nyingine iliyokuwa chini ya wakoloni, daktari mwingine alilishika swali la pili akaliona lilivyo zito. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alianza kazi katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria, mwaka 1953, akajiuzulu mwaka 1956. Katika kitabu chake cha mwaka 1961, ambacho kwa Kiswahili kiliitwa Viumbe Waliolaaniwa, alieleza kisa cha watu wawili. Mmoja alikuwa polisi wa Kizungu aliyekuwa akifanya kazi ya kuwatesa watu ili waseme. Usiku alisikia vilio masikioni mwake hata akafunga madirisha; akaja kuomba tiba. Mwingine alikuwa Mwaljeria aliyepitia mikono ya polisi hao, akawa amelazwa. Siku moja yule polisi, akimngoja daktari, alitoka kutembea kidogo uwanjani mwa hospitali. Daktari alimkuta ameegemea mti, jasho likimtiririka, hawezi kusema sawasawa: alikuwa amekutana na mmoja wa watu aliowatesa. Na yule mgonjwa alitoweka wodini. Alipotafutwa alionekana amejificha msalani akijaribu kujiua. Alikuwa amemtambua polisi, akaamini kwamba wamemfuata hospitali kumrudisha kule. Ilichukua muda mrefu kumsadikisha kwamba polisi hawana ruhusa ya kuja kumchukua pale.

Kisa hiki nimekiwaza mara nyingi, na kila ninapokiwaza kinanipa mambo mawili yanayovutana. Kwanza, chaonyesha kwamba usalama si maneno ya daktari. Daktari alikuwa mwema, na dawa zilikuwepo. Lakini uwanja ulikuwa wazi, na nyoka akapita. Nyumba ile ilihitaji mtu wa kufikiri ni nani anapita wapi, saa ngapi, akionwa na nani. Jambo hili laonekana dogo kama kazi ya bawabu, kumbe ndilo lililokuwa kati ya mtu na mauti. Pili, kisa hiki kinatulazimisha kuuliza kama yule mtesaji naye alistahili upole. Naye alikuwa amepatwa. Jasho lake lilikuwa jasho la kweli. Mtu mwenye haki moyoni huona vigumu kumpa mtu huyu kiti, na mimi ni mmoja wa waonao vigumu.

Hapa wapingaji hupata nguvu. Husema: mkianza kuuliza kila mtu amepatwa na nini, hatabaki mkosaji duniani, maana nyuma ya kila mkono uliopiga kuna mkono uliopigwa. Hoja hii ni nzito, lakini naona imechanganya nyumba mbili. Mahakama ina kazi ya kupima tendo, na kwa kazi hiyo sharti idai ushahidi. Nyumba ya wagonjwa ina kazi ya kumpokea mtu, na mizani haikuwekwa mlangoni pake. Fanon hakumtangaza polisi yule kuwa hana hatia. Alimtibu, na kitabu alichokiandika ni hukumu kali juu ya kazi ile aliyokuwa akiifanya. Kujua sababu ya tendo si kulifuta. Zaidi ya hayo, ikiwa nyumba itaanza kuchagua nani ameumizwa kwa njia inayostahiki huruma, basi wa kwanza kutupwa nje hatakuwa mtesaji, ambaye aghalabu ana cheo na mtetezi. Atakuwa malaya, mlevi, mwizi mdogo, kijana mvuta bangi, na yule mwanamke auma watumishi, ambaye kisa chake hakuna akijuaye.

Watu wengine hudhani kwamba fikra hizi ni za kigeni na zitatupwasa kama koti la mtu mwingine. Sikubali. Adabu ya pwani yetu ilikuwa nayo zamani, ingawa haikuiita kwa jina hili. Mtu haingii nyumba ya mwenziwe bila ya kubisha hodi, hata kama mlango u wazi, hata kama mwenye nyumba ni maskini wa kutupwa. Na asipoitikiwa mara tatu hurudi alikotoka. Mgeni hapewi swali la shida yake kabla hajapewa maji. Na tazama maamkizi yetu: "Hujambo?" Asili yake ni kumwuliza mtu kama hana jambo lililomsibu. Hata aliyefiwa jana hujibu "Sijambo", kisha, akipenda, na wakati ukifika, hueleza. Swali limekwisha kufungua mlango, na jibu limemwachia mwenye siri ufunguo wake. Ni wodi ngapi zinazofuata adabu hiyo? Mlango hufunguliwa bila hodi. Mgonjwa huvuliwa nguo mbele ya watu asiowajua. Husimulia kisa chake kwa karani, kisha kwa mwuguzi, kisha kwa daktari kijana, kisha kwa daktari mkubwa mwenye wanafunzi 10 nyuma yake. Na akichoka kusimulia huandikwa kuwa hashirikiani. Mtu yule yule ambaye nyumbani kwake hathubutu kuingia kwa jirani bila hodi, akivaa koti jeupe huona hodi imeondolewa na sheria.

Basi hufanywaje? Wengi huanza kwa semina ya siku moja na bango ukutani, na wengi huishia hapo. Mwaka 2014 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na afya ya akili ilitoa mwongozo uliotaja usalama, uaminifu, kusaidiana kwa waliopatwa na mambo mamoja, kushirikiana, haki ya kuchagua, na kujali utamaduni na historia ya watu. Ni maneno mema, na ubaya wake ni kwamba hakuna awezaye kuyapinga. Neno lisilopingika husifiwa na likalala. Kwa hiyo napendelea kutazama mahali ambapo hesabu iliwekwa. Katika hospitali tisa za serikali ya jimbo la Pennsylvania wakuu waliamua kwamba kila mara mgonjwa anapofungiwa peke yake au kufungwa mikanda, jambo hilo lihesabiwe kuwa tiba imeshindwa, lichunguzwe, na hesabu yake isifichwe. Mwaka 1990 wagonjwa walifungiwa mara 4.2 kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Mwaka 2000 ikawa mara 0.3. Kufungwa mikanda kulishuka kutoka mara 3.5 hadi 1.2, na muda wa kufungwa, ambao kwa wastani ulikuwa karibu saa 12, ukapungua hadi chini ya saa 2. Dawa mpya zilichangia, na idadi ya watumishi iliongezwa. Sitaki msomaji adhani kwamba nia njema ilifanya yote. Lakini lile lililokuwa likihofiwa zaidi, kwamba wagonjwa wakifunguliwa watumishi wataumia zaidi, halikutokea.

Nimetaja watumishi, na hapa lazima nisimame, kwa kuwa fundisho hili hushindwa mara nyingi mlangoni pao. Mwuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali zetu nyingi yu peke yake, au yeye na mwenziwe mmoja, mbele ya wodi iliyojaa hadi sakafuni. Amekwisha kupigwa. Amekwisha kumwona mgonjwa akijitia kitanzi, na asubuhi yake alitakiwa kuandika taarifa, si kupumzika. Kumwambia mtu huyu awe mpole kwa wote, bila ya kumwuliza yeye naye amepatwa na nini, ni kumtaka akatoe maji katika kisima ambacho sisi wenyewe tumekifukia. Jambo hili lilionekana wazi kuliko popote nchini Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Watu wa huko wana neno ihahamuka kwa hali ya mtu anayezidiwa na kumbukumbu hata pumzi ikamwishia. Nayo huwapata wengi kila mwezi wa Aprili, wakati wa maombolezo, hata wasaidizi huwekwa kati ya umati wawachukue kando kwa taratibu. Wengi wa wasaidizi hao, na wengi wa wauguzi wa nchi ile, walipita katika siku zile zile. Hapakuwa na ukuta kati ya walioumia na waliotibu. Nchi nyingine hujifanya kwamba ukuta huo upo. Rwanda haikuweza kujifanya.

Kwa hiyo anayetaka kuanza asianzie kwa mgonjwa. Aanzie kwa orodha ya zamu: ni nani yu peke yake, usiku upi, na kwa muda gani. Kisha aulize mtumishi aliyepigwa jana ameonwa na nani leo. Kisha atazame ufunguo wa chumba cha kufungia watu, unakaa kwa nani, na kama yule anayeutumia hulazimika kumweleza mkubwa wake kabla jua halijachwa. Mambo haya hayahitaji mganga wa ng'ambo wala fedha nyingi. Yanahitaji mkuu wa nyumba aliye tayari kuonwa hesabu zake, na sina hakika kwamba fedha ndiyo iliyo adimu zaidi kati ya vitu hivi viwili.

Liko jambo dogo jingine ambalo baadhi ya hospitali zimelizoea, nami naliona lina thamani kuliko mabango yote. Mgonjwa anapoingia, na akiwa ametulia, huulizwa maswali mawili au matatu tu: ukianza kuzidiwa, wewe mwenyewe hujijuaje? Ni kitu gani hukutuliza? Ni kitu gani tusikufanyie kamwe? Haulizwi kwa nini. Mmoja atasema asishikwe mabegani. Mwingine atasema taa isizimwe, mwingine kwamba aachwe atembee uwanjani, mwingine kwamba asihudumiwe na mwanamume. Majibu huandikwa kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo isifungiwe pamoja na jalada katika ofisi ya daktari, ambayo jioni hufungwa. Iwekwe mezani pa mwuguzi wa usiku, mahali ambapo mkono wake utaifikia kabla haujafikia sindano.